Jibu: Ushawishi wa Marekani duniani ni mzuri ama mbaya?

Sasa ndugu, umeuliza kama ushawishi wa Marekani ni mzuri kimaadili na umekwama juu unatafuta jibu moja la kila kitu. Anza na sera moja moja. Mwaka wa 2003 Rais George W. Bush alianzisha PEPFAR, mpango wa Marekani wa kulipia matibabu ya UKIMWI nchi za nje, na mwaka huo huo akavamia Iraq akitafuta silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana. Mimi niko Kisumu, jirani yangu alikuwa mgonjwa wa kubebwa, akaanzishiwa ARV, dawa za UKIMWI, za bure na saa hii anauza omena sokoni, hiyo siwezi kuiita ubaya hata kidogo. Lakini Januari 2025 misaada ya Marekani ikasimamishwa ghafla, watu kliniki wakaanza kuulizana dawa zitaisha lini. Hapo ndipo naona ubaya wenyewe, uhai wa mama wa hapa kuning'inia kwa sahihi ya rais ambaye hawezi kumpigia kura.