Maswali ya Wasomaji: Mizani, Sauti na Haki ya Mtunzi

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, pokea salamu zangu nyingi. Ninaishi Ilala na ninafanya kazi Kigamboni, kwa hiyo kila asubuhi napanda kivuko pale Magogoni. Nimetunga shairi kuhusu safari hiyo nikalipeleka katika kundi letu la wapenzi wa ushairi, na nikajibiwa kwamba mshororo wa mwisho wa ubeti wa kwanza una kasoro, kwa kuwa kipande chake cha pili kina mizani, yaani mapigo ya silabi, tano tu. Wamenishauri niuongezee maneno. Ubeti wenyewe ni huu:

Kivuko cha Magogoni, abiria wanangoja,
Asubuhi foleni, wamebanana pamoja,
Mwenye samaki jamani, ndoo kashika mmoja,
Lango linapofunguka, mtu hamngoji mja.

Je, niurekebishe vipi? – Msomaji wa Ilala

JIBU: Ndugu yangu, mshororo huo usiuguse hata kidogo. Waliokushauri walihesabu kwa macho, ilhali mizani huhesabiwa kwa ulimi. Utamke polepole: m-tu-ha-m-ngo-ji-m-ja. Hizo ni nane kamili. Sauti ya «m» inaposimama mbele ya konsonanti bila kuungana nayo, kama katika «mtu» na «mja», huchukua pigo lake yenyewe, na wewe umeipanga mara tatu katika kipande kimoja. Katika neno «mwenye» mambo ni tofauti, kwa sababu hapo «m» imemezwa ndani ya silabi ya «mwe», nasi tunahesabu mizani mbili tu. Anayesoma kimyakimya kwenye simu huona maneno matatu mafupi akadhani kipande kimepungua, lakini msikilizaji hasikii upungufu wowote.

Kasoro ipo katika mshororo wa pili, ambao hakuna aliyeutaja. «Asubuhi foleni» ina mizani saba: a-su-bu-hi-fo-le-ni. Njia ya mkato ni kuchomeka «na» katikati ili isomeke «Asubuhi na foleni», na hesabu itatimia, ila neno hilo litakuwa limeingia kwa kujaza nafasi tu. Afadhali utumie «Alfajiri foleni», kwa maana a-l-fa-ji-ri inakupa mizani tano mahali pa nne, na zaidi ya hayo inamwambia msomaji kwamba watu hawa wamefika kivukoni kabla jua halijatoka. Unapopungukiwa na mizani, kwanza tafuta neno lenye habari zaidi. Viungo na vihusishi viwe kimbilio la mwisho.

Kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi, nalo ni mshororo wa tatu. Hesabu yake ni sahihi, vina vyake, yaani sauti za mwisho wa vipande, ni sahihi, na bado ndio mshororo dhaifu kuliko yote. «Jamani» imekuja kwa sababu ulihitaji kina cha «ni», na «mmoja» imekuja kwa sababu «moja» ingekuachia mizani saba. Ndoo haiwezi kuwa «mmoja». Najua utaniambia kwamba mshairi ana uhuru wake, na ni kweli anao: anaweza kufupisha neno kwa inkisari, kama ulivyofanya vizuri uliposema «kashika» badala ya «ameshika», anaweza kulirefusha kwa mazda, na anaweza kubadili sauti kwa tabdila. Lakini uhuru huo ulitolewa ili maana ipite katika mlango mwembamba wa mizani, na hapa maana ndiyo iliyoumia, kwa kuwa msikilizaji atasita na kujiuliza mmoja ni nani, na wakati anajiuliza, wewe umeshafika kwenye lango.

Rudi kivukoni ukamtazame huyo mwenye samaki aliyetoka soko la Feri. Alibeba nini, wapi, na watu waliomzunguka walifanya nini? Kwa mfano tu, ungeweza kusema: «Yupo wa ndoo kichwani, maji ya pweza yavuja». Kina cha «ni» kimepatikana kwenye kichwa chenyewe, kina cha «ja» kimepatikana kwenye maji yanayodondoka, na wale waliobanana katika mshororo wa pili sasa wana sababu ya kulalamika. Nakusihi usiuchukue mshororo wangu. Mimi sikumwona mtu wako, na wewe ulimwona.

Ikiwa unataka kuzijua kanuni kutoka kwa mtu aliyezipanga kwa utulivu, tafuta kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi, «Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri», kilichotoka mwaka 1954. Mwandishi wake ndiye aliyekuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa jiji letu hili, na ninapenda kuwakumbusha vijana kwamba Dar es Salaam iliwahi kuongozwa na mtu aliyejua kupima mshororo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Babu yangu, ambaye amekuwa akituma mashairi magazetini tangu ujana wake, anasema kwamba shairi lisilo na vina ni insha iliyokatwakatwa. Darasani tunafundishwa kwamba mashairi huru ni mashairi kamili. Nimfuate nani? – Msomaji wa Ubungo

JIBU: Mheshimu babu yako, nawe soma vyote viwili. Mabishano haya yalipamba moto Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, «Kichomi», mwaka 1974, na waliompinga walikuwa wajuzi wa kweli, waliojua kwamba vina na mizani ndivyo vilivyowawezesha watu kuzibeba tungo vichwani vizazi kwa vizazi. Msimamo wangu ni kwamba shairi huru ni shairi, mradi kila mahali mstari unapokatwa pawe na sababu ambayo sikio linaisikia. Mtu anayekimbilia huko ili kukwepa kuhesabu hutambulika mapema, kwa kuwa ukiiunganisha mistari yake ikawa aya moja, hakuna kinachopotea. Hapo babu yako atakuwa amesema kweli.

SWALI: Shikamoo. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao na familia imenitaka nimtungie utenzi na kuusoma ukumbini. Kutunga naweza, ila nikisimama mbele za watu nakimbiza maneno mpaka hakuna anayeelewa. Nifanyeje? – Msomaji wa Kinondoni

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongereni kwa harusi. Umechagua bahari, yaani aina ya shairi, inayokufaa. Utenzi wa kawaida wenye mizani nane kwa mshororo na mishororo minne kwa ubeti hauchoshi pumzi, na kile kina cha mwisho kinachojirudia kutoka ubeti hadi ubeti humpa msikilizaji mahali pa kutulia. Basi na wewe tulia hapo hapo. Kila ubeti ukiisha, vuta pumzi kamili kabla ya kuendelea. Wewe utaona umekaa kimya muda mrefu mno, lakini ukumbi mzima utakuwa unamalizia kuisikia ile «a» au «ye» yako ya mwisho.

Beti ziwe chache. Kwenye ukumbi wenye wapishi wanaopita na watoto wanaokimbia, beti kumi na mbili zinatosha, na kama umetunga arobaini, zilizobaki mwandikie bibi harusi kwenye karatasi nzuri akazisome kwake. Kisha uzihifadhi moyoni hizo kumi na mbili. Anayesoma kwenye simu huinamisha shingo, na shingo ikiinama sauti huishia kifuani. Kuhusu kughani, usijilazimishe mahadhi ya mtu mwingine. Tafuta wizani, yaani mwendo wa mapigo, ambao mdomo wako unaushika wenyewe ukiwa unafanya kazi za nyumbani, na ukijikuta umeanza kuimba, rudi nyuma kidogo, maana kughani kukigeuka kuwa wimbo watu husikiliza sauti na kuacha maneno.

Ikiwa woga bado ni mkubwa, mtafute ndugu mmoja mgawane beti kwa kujibizana. Mathias Mnyampala, aliyekuwa kiongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, alizieneza ngonjera kwa kuamini kwamba ushairi ukisemwa na watu wawili au zaidi wakiwa wamesimama hufika kwa hadhira hata isiyo na mazoea ya kusoma diwani, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 shule nyingi za nchi hii zililithibitisha hilo. Shangazi mmoja upande wa bibi harusi na mwingine upande wa bwana harusi watafanya kazi nzuri sana.

SWALI: Shairi langu nililolituma kwenye WhatsApp limenirudia likiwa na jina la mtu mwingine. Je, nina haki yoyote ikiwa sikulisajili popote? – Msomaji wa Temeke

JIBU: Unayo. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi huanza pale kazi inapoandikwa, bila kusubiri usajili, na huendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Usajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini Tanzania, hukusaidia katika ushahidi, kwa hiyo kama una mswada wa diwani nzima, upeleke huko kabla ya kuusambaza. Tunza pia daftari ulilotungia, pamoja na yale uliyoyafuta, kwa kuwa mwizi huwa na nakala safi tu.

Kwa shairi moja moja, fuata desturi ya wazee. Wao waliweka jina na mji wao ndani ya beti za mwisho, wakalifunga jina hilo kwa vina, hata anayetaka kuling'oa ikambidi atunge ubeti mwingine wenye vina vile vile na mizani zile zile. Ukiandika jina lako chini ya shairi, nje ya ubeti, mtu hulifuta kwa kidole kimoja. Huyo aliyelichukua mwandikie kwanza kwa adabu, umwoneshe tarehe ya ujumbe wako wa awali, na umtake alirudishe jina lako mbele ya watu wale wale aliowatumia.