Kabla hujaipiga rangi Vespa yako

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia wiki iliyopita na picha kwenye simu: Vespa PX nyekundu, inang'aa, muuzaji anataka jibu usiku ule ule. Nikamwambia, mwanangu, ngoja kuche, kisha uende na vitu viwili mfukoni, sumaku na bisibisi. Akaenda. Sumaku ilishika kifua na mbavu za pembeni, lakini kila alipoipitisha sakafuni iliteleza kama imewekwa juu ya ubao: chini ya rangi palikuwa na puti, ile lipu ya kuficha mashimo, si bati. Akashukuru, akarudi nyumbani na pesa zake. Sasa anaifikiria nyingine, ya kijani iliyochakaa rangi, bati zima. Hiyo namshauri aichukue.

Nawaandikia na wengine mnaotaka kuanza, kwa sababu swali mnaloniuliza kwanza ni rangi gani itapendeza, na rangi ni kazi ya mwisho.

Vespa haina chesisi kama pikipiki nyingine. Corradino D'Ascanio, aliyeibuni, alikuwa mhandisi wa ndege, na Piaggio wenyewe walikuwa wakitengeneza ndege kabla ya kuisajili Vespa mwaka 1946. Alifanya kazi kwa namna aliyoizoea: bati lililokunjwa ndilo linalobeba kila kitu, injini, matairi na abiria. Hata tairi la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama gurudumu la ndege. Basi kutu iliyotoboa sakafu ya Vespa usiihesabu kuwa ni kasoro ya sura. Ni mfupa uliovunjika, na wewe na mkeo mtakaa juu yake.

Na sisi tunaishi kisiwani, hapa Unguja. Kusi ikivuma, munyu unaingia hadi kwenye bawaba za makabati. Vespa yangu ya kwanza nilirithi kwa marehemu ami yangu. Miaka mingi alikwenda nayo Malindi sokoni alfajiri, akirudi na kikapu cha samaki hapo miguuni, maji yakichuruzika chini ya mkeka wa mpira. Mkeka ule haukuwahi kuvuliwa. Mimi, kwa kumpenda ami na kuitaka ipendeze haraka, niliipeleka moja kwa moja kwa mpiga rangi. Ilitoka kama bibi harusi. Masika yakaingia, na kabla hayajesha nikaona malengelenge karibu na pedeli ya breki. Nikakwangua: puti, puti, puti, na chini yake hamna bati. Kilichobaki kilimeguka mkononi kama kashata. Nilikaa pale uani muda mrefu. Nilihisi nimekiharibu kitu alichonikabidhi.

Kwa hiyo anza chini. Vua mkeka. Toa petroli yote tangini, ukilaze chombo upande wa kushoto, maana injini iko kulia, uangalie uti wa bati unaokatiza chini ya sakafu, pale standi inapofungwa, na pembeni mwa tundu la pedeli. Chokoa kwa bisibisi bila huruma. Toa na tangi uchungulie ndani ya bodi. Bati bovu hukatwa mpaka kwenye chuma kizima, kisha kipande kipya kikachomelewa. Kabla ya kukata sakafu, mwambie mchomeleaji aunge kwanza chuma cha muda kutoka kifuani mpaka chini ya kiti, kwa sababu bodi ikikosa sakafu hujipinda, na ikishajipinda matairi mawili hayatafuata tena mstari mmoja. Wengi hulijua hilo wakati Vespa yao imeshaanza kuvuta upande.

Ukimaliza kuchomelea, osha kwa maji matamu. Si maji ya kisima cha pwani, yana munyu, na ndiyo unayopigana nayo. Kausha juani, na usiache chuma kitupu kilale hata usiku mmoja. Pakaa rangi ya msingi siku ile ile. Ndani kwenye mikunjo, ambako brashi haifiki, nyunyiza mafuta mazito, na urudie kila mwaka kabla ya masika.

Kuhusu kujua ulichonunua, soma namba zilizogongwa kwenye bodi. PX 150 ya Italia, yaani ya injini ya sentimita za ujazo 150, huanza na VLX, ya 125 huanza na VNX, ya 200 VSX. Kama ni ya Kihindi, usiidharau. Kampuni ya LML walizitengeneza Kanpur kwa makubaliano na Piaggio, na spea zao nyingi zinaingia kwenye PX. Mimi ningechukua LML isiyo na kutu kuliko ya Italia iliyojaa puti.

Sasa injini. Ni silinda moja, ya mapigo mawili (two-stroke), ile inayochoma oili pamoja na petroli, kipenyo milimita 57.8 na mwendo wa pistoni milimita 57 kwa ile ya 150. Ni ndogo na nyepesi kuielewa, na inasema ugonjwa wake ukiisikiliza. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ina sili mbili, yaani mipira ya kuzuia hewa na oili isipenye, moja kila upande, na sili hizo ndizo zinazoua Vespa nyingi zilizokaa muda mrefu bila kuwashwa. Ya upande wa sumaku (gurudumu linalozalisha umeme) ikikakamaa, injini inavuta hewa pasipostahili: unaachia mkono wa mafuta lakini injini inaendelea kupanda yenyewe, plagi inatoka nyeupe, na mwisho pistoni inakamata. Ya upande wa klachi ikifa, injini inainywa oili ya gia. Moshi mzito mweupe haukomi hata injini ikipata moto, na zile mililita 250 ulizotia zinapungua bila tone kuonekana chini. Watu wananunua pistoni mpya, wanaziacha sili za zamani, na baada ya mwezi wanalia tena. Ukishafungua kasha, badilisha sili zote. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na silinda.

Humo humo ndani, chini ya kabureta, kuna uso laini wa aluminiamu ambao krenki huupitia karibu sana, ikifungua na kufunga njia ya mafuta na hewa. Mchanga ukiingia ukaukwaruza, hakuna ringi mpya ya pistoni itakayoiponyesha injini hiyo. Usiendeshe bila chujio la hewa, khasa kwenye njia za mchanga huko shamba.

Kama Vespa yako haina tangi lake la oili, changanya asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Tumia chupa yenye alama. Kukisia kwa macho kumeshaharibu injini nyingi nzuri.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo. Ringi ya tairi la Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Ukizilegeza nati hizo tairi likiwa na upepo, vipande vitaruka, na wewe umeinama juu yake. Toa upepo wote kwanza, kila mara, hata kama una haraka.

Spea utazunguka Darajani, na usizozipata utamwagiza anayevuka kwenda Kariakoo. Mpe ile mbovu aende nayo mkononi, picha haitoshi. Na usitupe kipande cha asili mpaka kipya kimeshafungwa na kimefanya kazi.

Siku ya kwanza baada ya kuunda injini, usiipeleke mbali mpaka Nungwi. Nenda polepole mpaka Bububu, usishike gia moja kwa mwendo mmoja muda mrefu. Ukifika, kamata klachi na uzime injini kabla haijanguruma bure, iache ipoe kidogo, kisha uvue plagi. Ikiwa nyeusi na imelowa, kabureta inamwaga, utairekebisha nyumbani. Ikiwa nyeupe, usiwashe tena, tafuta gari ya kuibeba. Ikiwa na rangi ya mdalasini, irudishe mahali pake, piga kiki, urudi taratibu na njia ya pwani.