Mwanachama anapomdhamini mwanachama: udhamini uwe na jedwali lake

Ukitengeneza mfumo wa kompyuta wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) hapa Tabora, suala la wadhamini litakukuta mapema. Mkopaji ni mwanachama, mdhamini naye ni mwanachama, wote wamo kwenye jedwali moja. Kabla hujaunda chochote, muulize mtu wa mikopo: mkopaji anaruhusiwa wadhamini wangapi? Na nikikudhamini, ndiyo kusema nawe umenidhamini?

Niliwahi kuletewa mfumo wa chama kimoja huko Urambo. Ndani ya jedwali la wanachama kulikuwa na safu mdhamini_1 na mdhamini_2. Ulikwenda vizuri mpaka chama kilipoamua kwamba mikopo mikubwa iwe na wadhamini watatu. Tena mhasibu akiuliza, "Huyu mama kawadhamini kina nani, na kwa shilingi ngapi?", mfumo haukuwa na jibu, maana kiasi hakikuwa na pa kuandikwa. Tukaunda jedwali la udhamini: mkopaji_id na mdhamini_id, zote zikielekeza kwa wanachama, pamoja na namba ya mkopo, kiasi na tarehe. Swali la mhasibu sasa linajibiwa kwa mstari mmoja.

Wanaotumia Django (zana ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti) waangalie hapa: ManyToManyField('self'), yaani uga unaounganisha rekodi za jedwali na nyingine za jedwali hilohilo, huchukulia kwamba uhusiano ni wa pande mbili. Kwa urafiki ni sawa. Kwa udhamini ni hatari, mtu ataonekana kadhamini deni asilolijua. Andika symmetrical=False.

Weka pia CHECK, yaani sharti ndani ya hifadhidata, ya kumzuia mtu kujidhamini mwenyewe. Haitazuia mzunguko, yaani Juma amdhamini Asha, Asha amdhamini Hamisi, Hamisi amdhamini Juma. Ukifuatilia mnyororo huo kwa WITH RECURSIVE (hoja ya SQL inayojirudia hatua kwa hatua), ambayo MySQL inayo tangu toleo la 8.0 na PostgreSQL tangu 8.4, tumia UNION, inayoondoa marudio, badala ya UNION ALL isiyoyaondoa, na uchague namba za wanachama tu. Waliokwisha kupitiwa hawatarudiwa, na hesabu itafika mwisho.

Safu moja ndani ya jedwali lenyewe, bila jedwali la pembeni, inatosha pale ambapo kila rekodi ina mzazi mmoja tu. Maeneo ni hivyo: kata iko ndani ya wilaya, wilaya ndani ya mkoa. mzazi_id inamaliza kazi, na kwa mkoa inaachwa NULL, yaani tupu.

Kwenye kufuta, mimi huweka ON DELETE RESTRICT kote, ili hifadhidata ikatae kufuta rekodi inayotegemewa na nyingine. CASCADE, inayofuta pia rekodi tegemezi, ingeondoka na udhamini wote wa mwanachama anayejitoa, wakati mikopo aliyoidhamini bado inadaiwa. Mpe hali ya "amejitoa", rekodi yake ibaki.