Unataka kuuza nyumba? Anza na nje, na usianze na maua

Watu wengi wakitaka kuuza nyumba wanakimbilia ndani, wanabadilisha tailizi za jikoni, wanaweka masinki mapya, huku nje geti limeliwa na kutu na chini ya ukuta rangi imevimba. Mi nimeshauza nyumba na nimeshasimamia marekebisho ya nyumba za ndugu kabla hazijaingia sokoni, na nilichokiona ni kwamba mnunuzi akishuka tu kwenye gari anaanza kukata bei kichwani, hata hujamkaribisha. Hasemi kitu. Ila mkifika kwenye kupatana, yale aliyoyaona nje ndo anayaanza nayo.

Sa cha kwanza ni kile ambacho hakitoki vizuri kwenye picha: maji ya mvua yanaenda wapi? Ardhi inayozunguka nyumba inatakiwa iteremke kutoka ukutani, sentimita 15 hivi ndani ya mita 3 za kwanza inatosha. Shida ni kwamba miaka inavyoenda watu wanaongeza udongo wa bustani, mara kifusi, mara pevingi (tofali za zege za kutandika uwanja), mwisho ardhi imepanda mpaka imepita ile karatasi ya kuzuia unyevu iliyolazwa juu ya msingi, na hapo ukuta unaanza kunywa maji. Ile chumvi nyeupe unayoiona chini ya ukuta inaletwa na maji yanayopita ndani, yakikauka yanaiacha pale juu. Ukipaka rangi juu yake unajidanganya, itabanduka tena, na mnunuzi mjanja anapitisha kidole hapo hapo. Shusha udongo ubaki kama sentimita 15 chini ya ile karatasi, kwangua plasta iliyooza, acha ukuta ukauke vizuri (hapa ndo watu wanakosa subira) alafu ndo urudishie plasta na rangi. Na kama gata inamwaga maji kwenye kona ya msingi, unga bomba liyapeleke mbali. Kazi kubwa hapo ni jembe na toroli, sio hela.

Baada ya hapo rangi. Chagua rangi tulivu, ile ya zambarau unayoipenda we, wanaoipenda wenzio ni wachache. Osha ukuta kwanza, kama una ukungu uue na dawa ya klorini, suuza, ukikauka piga praima (ile rangi ya kwanza ya kushikisha) kisha rangi mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili. Fundi akikwambia mkono mmoja unatosha huyo anawahi kazi nyingine. Geti nalo, sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, praima ya kuzuia kutu, ndo rangi ya mafuta, na bawaba zitie grisi maana geti linalopiga kelele likifunguliwa linamwambia mtu hii nyumba haitunzwi.

Pevingi zinapandisha hadhi ya nyumba kweli, lakini zikiwekwa vibaya bora ungeacha changarawe. Unene wa milimita 60 unatosha kwa watu na gari ndogo, kama yatapita malori basi 80. Ila siri haiko kwenye tofali lenyewe, iko chini yake: udongo wa juu wenye mizizi utolewe, iwekwe kokoto na ishindiliwe kwa mashine tabaka kwa tabaka, alafu tabaka jembamba la mchanga juu yake, na pembeni kote kuwe na ukingo wa zege. Bila ukingo tofali zinaachana pole pole, mchanga unatoka kwenye viungo, na pale matairi yanapopita panatengeneza mifereji miwili. Nimeona uwanja mzuri ukawa hivyo kwa sababu mwenye nyumba alibana hela ya kokoto. Na acha sehemu ya kuegesha inayoeleweka, mita 2.5 kwa 5 kwa gari moja, zaidi kidogo ili mlango ufunguke bila kugonga ukuta.

Bustani ni rahisi. Nyasi zikatwe, panda mapema ili siku ya kuonyesha nyumba mimea iwe imeshashika. Mti mkubwa wenye kivuli usiukate kienyeji, kivuli hakinunuliki, ila kama mizizi yake inaelekea kwenye bomba la maji machafu hilo lishughulikie, mizizi inafuata unyevu na inaingia kwenye ufa wowote wa bomba.

Taa za nje weka zenye mwanga wa njano njano, 2700 mpaka 3000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), zimulike njia na geti sio macho ya mtu.

Bwawa la kuogelea? Mi siliweki kwenye nyumba ya kuuza, labda majirani wote wawe nalo. Wengine wanaliona ni mzigo wa dawa, pampu na hofu ya watoto, na hela uliyochimbia chini hairudi yote.

Kitu cha mwisho: ukijenga uzio mpya au kibanda cha gari, ulizia kibali kabla ya fundi kuanza, maana wakili wa mnunuzi ataulizia baada. Na mabomba yakiwa bado wazi kwenye mtaro yapige picha pamoja na futi kamba pembeni. Mnunuzi akiuliza chemba (shimo la kukagulia bomba la maji machafu) iko wapi unamfungulia simu unamwonyesha.