Jibu la swali lako kuhusu kubadili fikra

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku wazima, mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma. Umeuliza: "Baba, hivi kweli mtu akibadili fikra anafanikiwa, au ni maneno ya wahamasishaji tu?" Kisha ukaongeza kwamba umeanguka tena somo lile moja kwenye mitihani ya bodi ya uhasibu, na huenda huna kichwa cha hesabu. Najibu kwa barua maana kwenye simu utanikatiza.

Wahamasishaji siwaamini sana. Anayekwambia "amini tu, utapata" anakuuzia maneno, na kiingilio umeshalipa. Ila jambo lenyewe lina ukweli, na mimi hulipima kwa Filbert Bayi.

Ninyi mnamjua kwa shule zake. Sisi tulimjua kwa miguu yake. Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500. Desturi ya mbio hizo ilikuwa wakimbiaji wajifiche kundini, waviziane, kisha wachomoke mzunguko wa mwisho. Huyu kijana wa Karatu akatangulia tangu bastola ilipolia! Ungedhani atakata pumzi. John Walker, mwenyeji, alimfukuza mpaka mwisho, na yeye mwenyewe akaivunja rekodi ya zamani, lakini akawa wa pili. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia.

Sasa usije ukasema alishinda kwa kuwaza. Alishinda kwa mapafu, na mapafu yanatafutwa kwa mazoezi. Fikra zilimwonyesha namna ya kuyatumia, basi. Wala fikra hazifungui kila mlango. Mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini. Bayi akabaki nyumbani, kijana wa miaka 23. Angeweza kuishia hapo. Mwaka 1980 akaenda Moscow na mbio nyingine kabisa, mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akarudi na medali ya fedha.

Turudi kwako. Ulipokuja likizo nilikuwa nakutazama ukisoma pale sebuleni. Kitabu wazi, swali huku, jibu pembeni yake. Unasoma, unatikisa kichwa, "aa, sawa," unafunua ukurasa. Kalamu ipo mezani, kifuniko hakijatoka. Kesho yake vilevile. Mwanangu, hesabu haisomwi kama gazeti. Ukisema huna kichwa, umeshajihukumu, hutatafuta tena ulikwama wapi. Mimi nataka kujua ulikwama wapi: swali lipi, mstari upi, au ni muda ulikuishia? Hayo yana dawa.

Njoo Jumamosi na mitihani ya miaka iliyopita. Majibu nitayashika mimi, na saa nitaishika mimi. Wewe shika kalamu. Ukikosa, tutaandika ulipokosea, kisha unarudia swali lilelile Jumapili kabla hujapanda basi.

Ada ya kurudia somo tutachanga nusu kwa nusu. Yako anza kuiweka sasa, maana mwezi huu nimeezeka jiko.

Baba yako