Pumzi Imerudi, Mfupa Bado

Maswali ya safari hii ni ya majeruhi watupu: waliovunjika, waliokatika kano, na mama mmoja anayemuulizia binti yake. Majina nimeyaacha, sehemu mnazotoka nimezibakisha. Mimi ni mwalimu wa mbio, si daktari. Picha ya mfupa wako asome anayejua kuisoma.

Asalaam alaikum, kocha. Niligongwa na pikipiki nikitoka mazoezini alfajiri, mfupa wa ugoko ukavunjika, nikatiwa chuma. Huu mwezi wa tano. Daktari kasema umeunga, magongo nimeyaweka. Juzi nimepanda ngazi za Michenzani mpaka juu wala sikuhema. Jumapili naweza kurudi kwenye kikundi? (Bububu)

Wa alaikum salaam, mwanangu. Pole, na hongera kwa kuyaaga magongo. Jumapili hii hapana.

Huko kutohema ndiko kunakonitia wasiwasi. Nguvu za moyo na mapafu hupotea haraka mtu akilala, lakini hurudi haraka vilevile; wiki chache za baskeli na ngazi zinatosha kukurudishia sehemu kubwa. Mfupa hauna mbio hizo. Ugoko huchukua miezi minne mpaka sita kuunga kwa kawaida, na kuunga si kukomaa. Baada ya hapo unaendelea kujijenga upya miezi mingi, kwa kufuata mzigo unaoupa kidogo kidogo. Kila unapokanyaga ukikimbia, mguu hupokea mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako. Ngazi za Michenzani haziufikishi huko. Basi kuna kipindi kifua kinataka kilomita kumi na mguu unaweza moja, na waliovunjika mara ya pili wengi wamevunjikia hapo.

Vua viatu, simama karibu na ukuta, vidole viwili tu viguse ukuta. Kwa mguu mmoja nyanyua kisigino taratibu mpaka mwisho, shuka taratibu, hesabu. Mguu mzima utakwenda mpaka 25 au karibu yake. Ule wenye chuma usishangae ukikwama kwenye 8: chafu, yaani shavu la mguu, inatetemeka, goti linajikunja kuiba nguvu, na vile vidole viwili vimeshakuwa kiganja kizima kinachosukuma ukuta. Ukiona hivyo, hujafika. Fanya zoezi hilohilo siku moja ndiyo, siku moja siyo, mpaka miguu miwili ikaribiane. Halafu utembee nusu saa kwa mwendo wa haraka bila kuchechemea, na asubuhi yake mguu uamke haukuvimba.

Ukivuka hapo, na daktari wako akikubali, kimbia dakika moja, tembea mbili, mara nane, kisha nenda nyumbani. Kesho yake pumzika. Wiki mbili zikipita salama, ongeza dakika za kukimbia, si kasi. Maumivu yape alama, sifuri mpaka kumi. Mpaka tatu endelea, mradi asubuhi yametulia. Yakizidi, rudi hatua moja nyuma. Yakiwa ya kuchoma, sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, acha na urudi hospitali.

Kuhusu kikundi: kasi yenu inapangwa na nyimbo na filimbi. Hakuna aliyewahi kuweza kutembea dakika mbili katikati ya safu huku wenzake wanaitikia. Nenda kawabebee maji. Bonanza la vikundi vya mazoezi la Januari mosi likifika, nadhani utakuwa nao, nyuma, unatembea.

Mama ananilazimisha niende kwa mkandaji. Nimetolewa hogo (plasta ngumu) wiki iliyopita, chafu imevimba na ina joto. (Chake Chake)

Usiende kwa mkandaji. Nenda hospitali, leo. Mguu uliofungwa muda mrefu, ukivimba upande mmoja, ukiuma na kuwa na joto, unaweza kuwa na bonge la damu ndani ya mshipa. Likikandwa linaweza kung'oka na kupanda mapafuni. Ukiona unabanwa kifua au unakosa pumzi ghafla, hiyo ni dharura, usisubiri gari ya asubuhi.

Mama usigombane naye. Wakandaji wetu wapo wanaojua kulegeza misuli iliyokakamaa, nami sina ugomvi nao, mradi mfupa umeshaunga na daktari amesema hivyo. Kukanda mvunjiko mbichi au jeraha lililovilia damu ni habari nyengine.

Mwalimu, binti yangu ana miaka 19, anakimbia mbio ndefu. Mara ya pili sasa ugoko unapata ufa. Picha ya mwanzo haikuonesha kitu. Anakula kidogo, anasema wepesi ndio kasi. Nimegundua hedhi hajaiona tangu mfungo wa sita. (Mwanakwerekwe)

Bi mkubwa, umeuliza swali ambalo makocha wengi wanaume tunaona haya kulitaja, na haya hiyo inavunja watoto wa watu.

Ufa wa mazoezi mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kawaida katika wiki mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo "picha safi" haina maana kwamba mtoto anajidekeza. Lakini mara ya pili nisingetazama ugoko tu. Mwili unaotumia nguvu nyingi na kula kidogo huzima yale unayoweza kuyaacha, na hedhi ni mojawapo. Hedhi ikisimama, homoni inayolinda mifupa hushuka, na msichana wa miaka 19 anaanza kuwa na mifupa dhaifu wakati ndio kwanza ilitakiwa ijijenge. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, aonwe na daktari, na daktari aambiwe kwamba anakimbia na anakula vipi. Mimba na sababu nyengine zitaangaliwa hukohuko, asione vibaya.

Mbio asimame, ufa wa ugoko kwa kawaida hutaka wiki sita mpaka nane, na asirudi kabla ya ruhusa. Chakula kiongezwe kweli kweli: dagaa waliwe na mifupa yao, maziwa, mayai, maharage, samaki, na sahani ya wali ijae. Jua pia. Anayekimbia alfajiri na kutwa amejisitiri ngozi yake hailioni, nalo ndilo linaloutengenezea mwili vitamini D. Uani kwenu akae kidogo mchana, mikono na miguu wazi. Kocha wake akimwambia apunguze kilo, mpe salamu zangu, halafu mtafutie kocha mwengine.

Nimesikia kukimbia ndani ya maji kunasaidia. Na mchanga je? Mimi niko pwani. (Paje)

Maji ni hazina, na nyinyi mmelala juu yake. Maji ya kiunoni yanakupunguzia karibu nusu ya uzito, ya kifuani yanakuachia kiasi cha theluthi au chini yake. Unaweza kupiga hatua za mbio, ukahema, na mguu usihisi kipigo. Kidonda cha upasuaji kiwe kimefunga kwanza.

Tabu yenu ni kupwa. Kwenu bahari inakimbia mbali, na wakati wa bamvua mtu atatembea mpaka achoke kabla maji hayajampita magoti. Fuata maji kujaa, na ukumbuke kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo anayetaka "saa kumi na mbili kila siku" atajikuta anakimbia kwenye matope. Vaa viatu vya maji kwa ajili ya miba, na viwanja vya mwani vya kina mama vipite mbali.

Mchanga laini hapana, unaivuta kano ya kisigino kupita kiasi. Ule mgumu wa maji yaliyopwa mzuri, ila ufukwe umelala upande: ukienda, urudi palepale ili kila mguu upate zamu ya kuwa chini.

Nilianguka na baskeli kwenye mteremko, mtulinga na nyonga vikavunjika. Mwezi wa tatu sasa. Wenzangu wanasema waendesha baskeli wa Ulaya wanarudi baada ya wiki mbili. (Wete)

Wa mtulinga peke yake, aliyetiwa bamba, wapo wanaorudi haraka hivyo. Nyonga haimo katika hesabu hiyo. Mtazame Egan Bernal wa Colombia, bingwa wa Tour de France 2019. Januari 2022 aliligonga basi lililosimama akiwa mazoezini, akavunjika uti wa mgongo, paja, mbavu na pia ya goti. Agosti mwaka ule alirudi mashindanoni. Watu wanaishia hapo kusimulia. Ushindi wake wa kwanza baada ya ajali ulikuja 2025, ubingwa wa nchi yake. Miaka mitatu, na madaktari wa timu tajiri pembeni.

Pemba kwenu ni vilima vitupu. Anza na baskeli iliyofungwa isiyokwenda popote, kisha barabara tambarare, na ule mteremko uliokuangusha uwe wa mwisho. Ukiuogopa, upite kwa miguu kwanza, ukisukuma baskeli. Helmeti ya zamani iliyopiga chini itupe hata kama haina ufa.

Naweza kumeza diklofenaki ya kutuliza maumivu kabla ya kukimbia? (Fumba)

Hapana. Inakuzibia masikio wakati mguu unasema, na figo zilizokaukiwa maji haziipendi.

Kocha, kano ya kisigino ilikatika, nikashonwa, sasa miezi mitatu. Kaka yangu ananicheka, kila siku ananitajia John Stephen Akhwari, yule mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania aliyemaliza na goti bovu. Nusu marathoni ni mwezi ujao. (Mkoani)

Kaka yako anajua nusu ya kisa. Mexico City, Oktoba 20, 1968, Akhwari alianguka, goti likateguka, na akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Hiyo ilikuwa Olimpiki, siku moja, na nchi nzima mgongoni. Halikuwa zoezi la Jumanne Mkoani.

Nusu ya pili: mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Goti bovu halifiki huko. Goti lililopona ndilo linalofika.

Kano iliyoshonwa, mbio za taratibu huanza kati ya mwezi wa nne na wa sita, na mashindano ni baada ya wa tisa. Wewe ni wa tatu. Usijiandikishe. Kaka yako mwandikishe yeye, kilomita 21 zote, kisha mwezi ujao tuletee muda wake.