Usiku wa Uchungu, Nani Atakuwa Karibu?

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimetoka kwa watu watatu wasiofahamiana, lakini zote zinahusu zile wiki za mwisho ambazo tumbo limeshuka, usingizi umepungua na kila anayepita mlangoni anauliza "bado tu?" Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ina mambo ambayo yakikosewa hayarekebishiki.

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nina umri wa miaka 31, ninaishi Tabata, Dar es Salaam, na ujauzito wangu umefikisha wiki 34. Huu ni uzazi wangu wa pili. Wa kwanza, miaka minne iliyopita, nilijifungua kwa njia ya kawaida, lakini baadaye nilitokwa na damu nyingi hata nikaongezewa chupa mbili. Mume wangu ni dereva wa lori, na safari zake za Tunduma humchukua siku nne au tano, na zaidi ya hapo foleni ya mpakani ikiwa ndefu. Mama yangu mzazi anataka niende Moshi nikajifungulie nyumbani, mama mkwe anasema atakuja kutoka Tanga, nasi tumepanga vyumba viwili tu. Majirani, mawifi na wenzangu wa kazini wote wananiambia, "Usijali, tupo." Hata hivyo, juzi niliumwa mgongo kutwa nzima nikiwa peke yangu na mtoto, na sikujua nimpigie nani. Je, niende Moshi au nibaki? Na nitaombaje msaada bila kuonekana ninadeka? (Mama Kijacho, Tabata)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hilo neno "tupo", maana ndilo lililonitia wasiwasi kuliko Moshi na Tanga. Wanaokuambia hivyo hawakudanganyi. Kila mmoja anakusudia kukusaidia akiitwa, ila anaamini yupo mwingine aliye karibu zaidi atakayeitwa kabla yake. Hivyo watu kumi wanaweza kuwa wapo na usiku wenyewe ukakukuta wewe na mtoto wa miaka minne.

Zamani nikiwa zamu ya usiku tulimpokea mama aliyeletwa kwa bajaji na jirani aliyemfahamu kwa jina la mtoto wake tu. Kadi ya kliniki ilikuwa kabatini, ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa mume, na mume alikuwa Mbeya. Jirani yule alikuwa mtu mwema kupita kiasi, hata khanga aliyojitanda alitupa tuitumie, lakini hakuweza kutuambia kama mama huyo aliwahi kupasuliwa, kundi lake la damu ni lipi, wala ujauzito ni wa wiki ngapi. Tukaanza vipimo upya huku uchungu umeshakolea. Tangu siku ile, mjamzito akiniambia kwamba watu wake wapo, humwuliza ufunguo wa akiba anao nani.

Sasa tuje kwenye suala la Moshi. Kinachoamua hapa ni historia ya uzazi wako, wala si desturi au udogo wa nyumba. Mwanamke aliyewahi kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua yumo katika hatari kubwa kuliko wengine ya kutokwa tena, kwa hiyo unapaswa kujifungulia katika hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu, hata kama zahanati ya mtaani kwenu iko hatua chache kutoka mlangoni na manesi wake wanakufahamu. Hospitali za namna hiyo zipo Dar es Salaam, na Moshi zipo pia. Tofauti ni safari: zaidi ya kilomita 500 ndani ya basi, umekaa karibu mchana kutwa, na miguu imeanza kuvimba. Ukiamua kwenda, nenda wiki hii baada ya kupimwa na kuruhusiwa kliniki, shuka utembee kila basi linaposimama, kunywa maji hata kama unaogopa kukosa choo njiani, na usikubali kuahirisha hadi wiki ya 37 kwa sababu ya harusi ya binamu. Mimi ningekushauri ubaki. Kliniki yako inakufahamu, lori la mumeo linarudi Dar es Salaam na si Moshi, na mwanao hatalazimika kuzoea nyumba nyingine katika mwezi uleule atakaopata mdogo wake.

Kina mama hao wawili wagawane majira badala ya kugombea chumba. Mama mkwe aje unapofikisha wiki ya 37, mimba inapohesabiwa kuwa imekomaa, awe na mjukuu wake na awepo siku ya uchungu; mama yako aje wewe ukisharudi kutoka hospitali, akupikie mtori kama walivyopikiwa wazazi wa Uchagani tangu zamani. Jambo hili mumeo alizungumze na mama yake mwenyewe, nawe na mama yako, kwa kuwa maneno yaleyale yakitoka kwa mkwe husikika kama amri. Mama mkwe akishafika, usimfanye mgeni. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Huyu mwonyeshe jikoni na njia ya shule ya chekechea siku hiyohiyo ya kwanza.

Kuhusu damu, fanya mambo mawili bila kuchelewa. La kwanza, kwenye hudhurio lijalo omba wingi wa damu yako upimwe tena, umeze vidonge vya madini ya chuma kila siku hata vikikuletea choo kigumu, na uhakikishe kwamba habari ya uzazi wako uliopita imeandikwa kwenye kadi. Siku ya siku mkumbushe mkunga kwa mdomo wako, maana ipo sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ambayo hutolewa mara tu mtoto anapotoka, nao wanapojua historia hujiandaa zaidi. La pili, watafute ndugu au marafiki watatu watakaokuwa tayari kuchangia damu. Mwanamume mwenye afya huweza kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4, kwa hiyo waulize pia walichangia lini mara ya mwisho.

Ama la kuonekana unadeka, tatizo liko katika namna tunavyoomba. Ukimwambia mtu "naomba unisaidie nitakapojifungua", umempa mzigo usio na mpini, naye atajibu "usijali" kwa sababu hana jibu jingine. Jaribu hivi: "Dada, uchungu ukinianza usiku nitakuletea mtoto alale kwako hadi asubuhi, utaweza?" Ombi la namna hiyo lina mwanzo na mwisho, na anayeulizwa anaweza kusema ndiyo, au akasema kwamba wiki hiyo atakuwa msibani, nawe ukatafuta mwingine mapema. Kisha chukua karatasi moja, uandike nani atakusindikiza, nani atabaki na mtoto, dereva gani wa bajaji anayelala mtaa wenu na yupi wa pili iwapo wa kwanza hapatikani, nani ana ufunguo wa akiba, na kina nani watachangia damu, kila jina na namba yake ya simu. Ibandike nyuma ya mlango, na nakala yake uiweke ndani ya kadi. Simu huzima chaji, karatasi haizimi.

Umetaja wenzako wa kazini, basi nikuulize: mwajiri umeshampa taarifa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka taarifa ya likizo ya uzazi itolewe angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kutarajia kujifungua, ikiambatana na cheti cha daktari. Kama hujafanya hivyo umekwisha kuchelewa. Andika barua leo, usingoje Jumatatu. Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, au 100 kwa anayejifungua mapacha, na unaruhusiwa kuianza wiki 4 kabla ya tarehe hiyo. Ukirudi kazini, sheria hiyohiyo inakupa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto.

SWALI: Habari za kazi, Mama. Mke wangu ana ujauzito wa wiki 36, wa kwanza. Dada wa kazi ameondoka, kwa hiyo mimi ndiye ninayefua na kupika nikitoka kazini, na wenzangu hapa mtaani wananicheka kwamba nimekaliwa. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba sijui kipi kinamsaidia hasa, kwani usiku anageuka kitandani hadi alfajiri nami nimelala tu kama gogo. Pia, je, nitaruhusiwa kuingia leba? (Baba Mtarajiwa, Morogoro)

JIBU: Wanaokucheka uwaache, wengi wao nimewaona koridoni saa nane za usiku wakiniuliza kundi la damu la mke ni lipi.

Usiku, mwekee mto mmoja mgongoni na mwingine katikati ya magoti, alale ubavu. Katika miezi hii mitatu ya mwisho asilale chali, kwa kuwa uzito wa tumbo hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mtoto akapungukiwa. Akijikuta amelala chali asitishike, ageuke tu. Akishtuka kwa msuli wa shavu la mguu uliokaza, usimkande kwa nguvu, bali mnyooshee mguu na uvute vidole vyake kuelekea kwenye goti mpaka msuli uachie. Kiungulia hupungua akila kidogokidogo na kumaliza chakula cha usiku mapema, na hapo mpishi ndiye wewe. Kama choo kiko nje, mwekee ndoo chumbani, uimwage asubuhi bila kungoja akuombe, kwani wapo wanawake wanaokaa na kiu mchana kutwa ili tu wasitoke nje usiku.

Kazi yako kubwa zaidi ni kuzijua dalili za hatari kuliko yeye, kwa sababu mwenye maumivu huweza kujipa moyo. Damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, degedege, homa, maji kutoka kabla ya uchungu, au mtoto kucheza pungufu ya alivyozoea: hata moja tu kati ya hizo inatosha kuondoka saa hiyohiyo, usingoje kukuche wala kumpigia simu shangazi kuomba ushauri. Kichwa na macho ninavitilia mkazo kwa sababu kifafa cha mimba huanzia kwenye presha ambayo mtu anaweza kutembea nayo sokoni akijiona mzima. Usafiri ukikosekana wakati wa dharura, piga 115, namba isiyo na malipo ya mpango wa M-Mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Panapokosekana gari la wagonjwa, mpango huo hutumia madereva wa kawaida waliosajiliwa katika jamii.

Leba hutegemea mahali. Wodi nyingi za umma ziko wazi, kitanda kwa kitanda, na kukuingiza wewe ni kuwavunjia faragha wanawake wengine. Penye vyumba au mapazia huenda wakakuruhusu. Nendeni wote kwenye hudhurio lijalo muulize, na kama jibu ni hapana, chagueni mwanamke mmoja wa kuwa naye ndani na wewe uwe mtu wa mlangoni, mwenye simu yenye chaji, pesa ndogondogo na chupa ya uji wa moto. Kazini kwako una haki ya likizo ya uzazi ya siku 3 zenye malipo, nayo ni lazima uichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku tatu huisha huku mzazi bado anatembea ameinama, kwa hiyo omba sasa baadhi ya siku zako za likizo ya mwaka ziunganishwe nazo.

SWALI: Mama Mkunga, mwenzetu katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa anatarajia kujifungua mwezi ujao. Tuko wanawake tisa na tumechanga pesa. Mimi nilipojifungua niliishia kuwa na mabeseni saba. Tumnunulie nini? (Katibu wa kikundi, Tanga)

JIBU: Muulizeni yeye kwanza ana nini, kisha kamilisheni mkoba wa hospitali: khanga safi angalau doti tatu, mpira wa kuzalia, glovu, pedi, sabuni, nepi, kofia na soksi za mtoto, sweta hata kama Tanga ni joto. Huduma za uzazi katika vituo vya umma kisera hazilipiwi, lakini nyote mnajua jinsi vifaa vinavyoweza kuisha usiku mliofika ninyi. Pesa itakayobaki mpeni taslimu, mkononi mwake.

Kitakachomfaa zaidi ni zamu. Tisa nyie, kila mmoja achague siku yake katika wiki mbili za mwanzo, alete chakula kilichopikwa, afue nepi zilizopo, aondoke kabla ya nusu saa. Asije kuamsha mtoto ili amwone, wala kuuliza amefanana na nani. Anayetaka kumkanda mzazi kwa maji moto apunguze moto. Nimewaona wanawake walioungua tumbo kwa mapenzi ya mawifi. Kitovu kisipakwe majivu, mafuta wala mate. Na kwa kuwa mtoto atanyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, maji ya chupa na uji mwepesi havihitajiki kwenye kapu lenu, ila uji wa pilipili manga kwa mama mwenyewe karibuni nao, mradi usiwe mkali wa kumliza.

Beseni mnunulieni moja.